Kwa Nabhan Shekue, Aliyebakiza Sura Moja

Mwaka umetimia, Baba Saleha, tangu Jumatano ile ulipotoka na mfuko wako mweusi wa nailoni, ukaniambia mimi mkeo, mlangoni, kwamba jibu la Marekani likija nisilifungue, nikungoje. Saa tisa alasiri walikukuta ofisini umeegemea maboksi ya mtu wa Mombasa, kalamu mfukoni, moyo umesimama. Jibu lilikuja wiki tano baadaye. Nililifungua.

Tunaandika haya ili waliokujua hapa Deira, Dubai, na kule Tanga wakukumbuke pamoja nasi, na wasiokujua wapate picha kidogo. Wengi wanaoandika kumbukumbu husema kwamba marehemu wao hakuwahi kumuudhi mtu. Tungependa kuandika hivyo. Tumekaa vikao vitatu kulijadili, tumeshindwa.

Ulikuwa karani wa kago. Miaka ishirini na miwili katika ofisi ile ile ya Deira, ukipima, ukifunga, ukiandika majina ya watu kwenye maboksi kwa wino mweusi. Herufi zako zilisimama wima kiasi kwamba mdogo wako Sulaiti, akienda kupokea mizigo Tanga, alisema anazisoma kabla hajavuka barabara. Shule uliishia darasa la saba. Kiingereza ulikipata kwenye fomu za forodha na kamusi moja isiyo na jalada. Mimi nami ushonaji nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo za watu na kuzirudishia, kwa hiyo sikuona ajabu. Ajabu ilianza lilipokuja lile boksi lisilo na mwenyewe.

Familia moja ya Kizungu ilikuwa imehama Dubai, ikaacha mizigo ofisini kwenu na haikuifuata tena. Bosi alisema itupwe. Wewe ukarudi nyumbani na kitabu kimoja, historia ya wilaya fulani ya mashambani huko Marekani iitwayo Harlan Creek. Ndani yake mlikuwa na kurasa tatu juu ya wakili mmoja, Elihu Marden. Kurasa tatu, Baba Saleha. Wewe ukatoa humo kurasa mia nne na kumi na mbili, kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa miaka kumi na moja.

Kwa wasiomjua Marden, nao ni wengi, tumweleze kwa ufupi, jambo ambalo wewe hukuliweza. Alizaliwa mwaka 1804, mtoto wa mtengeneza ngozi. Shule hakuwa nayo. Sheria alijisomea juu ya dari ya karakana ya baba yake, akiazima kitabu kimoja kimoja kwa wakili mzee aliyekaa maili tisa kutoka hapo. Majaji wawili walimhoji kwenye nyumba ya wageni huku wakila, wakamkubalia uwakili kabla sahani hazijaondolewa. Miaka arobaini aliwatetea wakulima katika ugomvi wa mipaka, visima na ng'ombe waliovunja uzio. Kipindi kimoja tu alichaguliwa kuingia bunge la jimbo lake. Alikufa mwaka 1879, na mji wake haukumjengea kitu.

Ulimpenda kwa ajili ya sentensi moja. Kitabu kilisema Marden hakupokea kesi yoyote kabla ya kwenda kumsikiliza mtu wa upande wa pili, nyumbani kwake, kofia mkononi. Sentensi hiyo ndiyo iliyotuharibia utulivu wa nyumba.

Watu walikuja kwetu siku za Ijumaa baada ya swala, wakitaka uwaandikie barua. Ulikuwa na mwandiko mzuri na hukutaka kitu zaidi ya chai. Lakini baada ya kumsoma Marden, kuandikiwa barua kukawa safari. Martina, dada yetu anayefanya kazi za ndani mtaa wa Al Warqa, hatasahau alivyokuja siku ile amevimba kwa hasira.

"Miaka miwili ya mkataba imekwisha, mwezi wa tano huu unaingia," alisema. "Mwanangu ananiita shangazi kwenye simu. Niandikie madam barua kali, anipe likizo yangu."

"Pole sana, Martina. Nipe namba ya madam."

"Ya nini?"

"Nimsikie."

"Baba Saleha, mimi ndiye sijamwona mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nataka barua iwe na miguu."

"Kwani wewe ni wakili wangu au wake?"

"Mimi si wakili wa mtu. Mimi ni karani wa kago."

Ukapiga simu umesimama, kana kwamba madam anakuona. Kiarabu chako kilikuwa cha bandarini, na uliposhikwa na neno ulitia inshallah ukaendelea. Kumbe tiketi ilikuwa imekwisha kukatwa, ya Jumapili ya pili baada ya Idi. Madam alinyamaza kwa sababu aliogopa Martina akijua mapema ataanza kufunga mizigo wageni wa Idi wakiwa bado wamo ndani. Martina akaondoka Jumapili ile, akakaa wiki sita na mwanawe, akarudi. Barua haikuandikwa. Hadi leo anaisimulia hadithi hiyo akicheka, na tunakiri kwamba siku hiyo ulikuwa sahihi.

Shida ni kwamba hukuwa na siku ya kupumzika. Fundi wa kiyoyozi alipotudanganya mara ya tatu, mwezi wa Agosti, ulimketisha, ukampa maji, ukamsikiliza saa nzima habari za mkwe wake huku sisi tukitiririka jasho. Saleha alipogombana na mwalimu wake akiwa na miaka kumi na sita, ulikwenda shuleni kumtetea, ukarudi umekubaliana na wote wawili. Mwanao hakuzungumza nawe siku nne. Ulizitumia kuandika sura ya sita.

Tukubaliane hapa kuhusu ahadi, kwa sababu kila kitu kinatoka huko. Nyumba yetu ya Chumbageni, Tanga, ilikuwa imeezekwa kabla Marden hajaingia maishani mwetu. Nilikuuliza tunarudi lini. Ulisema, "Kitabu kikiisha, tunarudi." Ulisema hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tano. Mwaka wa saba ulikuja mezani ukiwa na uso wa bwana harusi, ukasema, "Mama Saleha, nimebakiza sura moja."

Nikafunga mizigo. Mimi ni mtu wa mpangilio, nawe ulinijua hivyo. Ofisini kwenu palikuwa na nafasi kwenye kontena la Tanga, nasi tukaijaza: vitanda vyote viwili, kabati, friji, makochi, meza ya kulia, na cherehani yangu kubwa. Maboksi uliyaandika mwenyewe, NABHAN SHEKUE, TANGA, ukayazunguka ukiyatazama. Kontena likaondoka Jumatatu. Alhamisi ukaanza sura ya kumi na tisa, ile moja iliyobaki.

Ulikuwa umekaa kwenye godoro sakafuni, kwa kuwa kitanda kilikuwa baharini.

"Hakuwepo," ulisema.

"Nani?"

"Marden. Siku ya kura hakuwepo."

Ukanieleza. Katika jimbo lile, mtu mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Mwaka 1847 ukaletwa mswada wa kuiondoa sheria hiyo. Marden aliusemea miezi minne, bungeni na vijijini, hata watu wakaacha kumpa kesi. Siku ya kura ilipofika, mswada ukaanguka kwa kura chache, na katika orodha ya kura, iliyokuwa nyuma kabisa ya kitabu, jina lake halikuwa kwa waliosema ndiyo wala kwa waliosema hapana. Kitabu hakikusema zaidi ya hapo.

"Basi andika hakuwepo," nilikuambia.

"Mtu hawezi kusemea jambo miezi minne halafu asiwepo bila sababu. Siwezi kumwacha watu wamhukumu kabla hajasikilizwa."

"Atasikilizwa na nani, Baba Saleha? Amekufa."

Saleha alikuwa anapiga pasi sare yake ya hoteli, chini, juu ya taulo. Meza nayo ilikuwa baharini. Akauliza bila kuinua kichwa, "Baba, huyo mzee alikufa lini?"

"Elfu moja mia nane sabini na tisa."

"Basi yeye hana haraka. Wenye haraka ni sisi."

Ulicheka. Kisha ukachukua karatasi, ukaanza kuandika barua ya kwanza kwa maktaba ya Harlan Creek.

Miaka minne tuliishi Deira kama watu walioshuka uwanja wa ndege jana. Godoro, viti vya plastiki, sufuria mbili. Friji alituazima Austine, askari wa lango kwenye hoteli moja, Mganda wa ghorofa ya chini yetu, kwa wiki mbili. Kila mlipokutana kwenye ngazi alikuuliza, "Mzee, huyu muzungu wako hajarudi bungeni?"

"Bado, Austine."

"Na friji yangu?"

"Nayo bado."

Saleha alikuomba akuandikie watu wa maktaba kwa baruapepe, jambo la dakika tano. Ulikataa. Ulisema mtu mwenye haraka hupewa jibu la haraka. Ukaendelea na stempu na bahasha, ukiweka anwani ya sanduku la posta la ofisi, barua kumi na moja kwa jumla, kila moja na nakala yake kwenye faili. Huko Tanga, Sulaiti alitutumia picha za wageni wamekaa kwenye makochi yetu. Walionekana wamestarehe.

Sasa nasema jambo ambalo nimelifikiria mwaka mzima kama nilitie hapa. Mama yangu alihamia nyumba ya Chumbageni kutoka Korogwe kutungojea. Sulaiti alimlaza kwenye kitanda chetu, ili kisikae bure. Kila Jumapili kwenye simu aliniuliza, "Bwana yule bado hajapatikana?" Nami nilimjibu, "Bado, Mama, yuko njiani." Alifariki mwaka wa tatu wa kungoja, kwenye kitanda kile. Nilikwenda, nikazika, nikarudi kwenye godoro. Ulinipokea uwanja wa ndege, ukabeba sanduku langu mpaka nyumbani. Kesho yake jioni ulitoa faili lako. Nilikuwa jikoni, nilikuona.

Siandiki haya kukuhukumu. Ninaandika kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha kwamba upande wa pili lazima usikike. Katika nyumba ile, upande wa pili nilikuwa mimi, na hukuwahi kuja kwangu na kofia mkononi.

Jibu lilipokuja, bosi wako alilileta mwenyewe nyumbani. Lilitoka kwa mama mmoja wa maktaba. Aliomba radhi kwamba barua zako za mwanzo zilikuwa zinakwenda kwenye jengo la zamani lililofungwa, na kwamba anwani mpya iko kwenye mtandao, mtu yeyote anaiona. Saleha aliposoma sentensi hiyo aliweka barua chini, akatoka nje kwenye veranda, akakaa huko muda mrefu.

Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya ukurasa wa kumbukumbu za bunge. Waliosema ndiyo. Waliosema hapana. Chini kabisa, wasiokuwepo, watu wanne, wa tatu akiwa Marden. Sababu hazikuandikwa. Magazeti ya wiki ile yaliungua zamani. Yule mama alimalizia kwa kuuliza kwa nini mtu wa Dubai anamtafuta Elihu Marden, kwa kuwa katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwulizia.

Tukakaa kikao, Sulaiti akiwa kwenye simu juu ya kiti cha plastiki.

"Andika alikuwa mgonjwa, Mama," Saleha alisema. "Nani atajua? Tufunge kitabu, khalas."

"Farasi alivunjika mguu," alisema Sulaiti. "Shemeji, farasi wa zamani walikuwa wakivunjika miguu kila siku."

Austine alikuwa amekuja kutazama friji yake, akakaribishwa. Alisema taratibu, "Ama aliogopa, mama. Watu huogopa. Mimi nasimama kwenye lango kila siku, nawaona. Mutu anakuja mbio mpaka hapo mbele, halafu anageuka."

Kisha akainuka kwenda kuitazama friji yake.

Nilichukua miezi minane kusoma daftari zako zote kwa mpangilio, toka la kwanza, nikizipiga chapa kwenye kompyuta ya Saleha kwa vidole viwili. Kwenye daftari la kumi na nne, pembeni ya ukurasa wa ile kura, niliona alama ya penseli iliyofutwa. Niliipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Uliandika, "Na kama aliogopa tu?" Tarehe yake ilikuwa wiki ile ile kontena lilipoondoka.

Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo kwamba huenda ikawa hivyo. Hukuwa unangoja sababu. Ulikuwa unangoja sababu nyingine.

Nikakumbuka kitu. Siku tulipokuwa tunafunga makochi, uliniuliza kama Chumbageni kuna mtu atakayekuja siku ya Ijumaa kuandikiwa barua. Nilikuwa na kamba mdomoni, sikukujibu. Nilidhani unauliza tu. Sasa nadhani hapa Deira ulikuwa mtu anayengojewa sebuleni na watu watano, na kule ungekuwa mzee aliyerudi kutoka Arabuni, anayeulizwa ameleta nini. Huenda nakosea. Hupo uniambie. Ungesema tu, Nabhan. Ningekasirika siku mbili, kisha tungetafuta njia, kama ambavyo tulitafuta njia ya kulala wawili kwenye godoro la mtu mmoja.

Sura ya kumi na tisa nimeiandika mimi. Ni fupi kuliko zako zote. Inasema: "Siku ya kura Elihu Marden hakuwepo. Tumetafuta sababu miaka minne, hatukuipata. Huenda aliugua, huenda aliogopa. Aliishi miaka thelathini na miwili baada ya siku hiyo, na kila kesi aliyopokea aliendelea kwenda kwanza kwa mtu wa upande wa pili." Saleha aliisoma mara mbili, akasema ndivyo ilivyo. Sulaiti bado anaamini farasi.

Tumetengeneza nakala ishirini katika duka moja la Bur Dubai linalojalidi vitabu vya hesabu za wafanyabiashara. Mwenye duka, Mhindi mpole, alilitazama jina kwenye jalada akauliza huyu ni nani. Saleha alimjibu, "Mtu wa nyumbani kwetu." Nilimwangalia. Hakuwa anatania. Nakala moja imekwenda kwa mama wa maktaba, ingawa hasomi Kiswahili. Nyingine iko Tanga, na Sulaiti alinipigia juzi.

"Shemeji, niko ukurasa wa arobaini. Huyu bwana ataingia lini bungeni?"

"Ukurasa wa mia mbili na themanini."

"Mpaka huko anafanya nini?"

"Anawasikiliza watu."

Akavuta pumzi, akasema ataendelea.

Kitabu kimeisha, kwa hiyo ninarudi. Saleha ana kazi yake hapa, na alitaka anidhamini kwa viza nibaki naye. Nimemshukuru, nimekataa. Nimemrudishia Austine friji yake, nikaisugua ndani na nje. Aliitazama akasema sasa chumba chake kitakuwa kidogo, maana alishazoea nafasi. Martina alikuja kunisaidia kuosha zulia, na hakulikubali godoro nilipompa, akasema limesikia mambo mengi.

Wewe unabaki. Jumanne tulikuja makaburini, mimi na Saleha, tukasimama karibu na ukuta. Hapo ulipo kuna namba tu na jiwe dogo, Saleha ameiandika namba kwenye simu yake na mimi nimeishona kwenye kitambaa. Austine alikuja nasi, akangoja nje ya lango kama alivyongoja siku tuliyokuzika, kofia ya kazi mkononi. Saleha alisoma dua. Mimi nilikuambia kwa sauti ya kawaida kwamba Jumamosi ninasafiri. Kisha nikangoja, kwa mazoea, nione kama utaomba wiki mbili zaidi.

Unakumbukwa na mkeo Hamida, mwanao Saleha, mdogo wako Sulaiti na wote wa nyumba ya Chumbageni, wakiwamo waliokalia makochi, Martina wa Al Warqa, Austine wa ghorofa ya chini, wafanyakazi wenzako wa ofisi ya kago, Deira, na wote uliowaandikia barua, pamoja na wale ambao hukuwaandikia.

Mwenyezi Mungu akurehemu, na kabla ya yote akusikilize. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, wala hatujamaliza kukulalamikia.